Nilipoacha Kuitwa Frateri

Naandika haya kwa ajili ya vijana waliotoka seminari, kwa dada zetu waliorudi nyumbani kabla ya nadhiri za daima, na kwa yeyote aliyeishi miaka mingi ndani ya jina moja kisha jina hilo likamtoka. Kuingia tunaandaliwa vizuri: kuna semina za miito, mafungo, barua ya paroko. Kutoka hakuna anayetuandaa. Mimi nilitoka seminari kuu nikiwa mwaka wa kwanza wa teolojia, kwa hiari yangu, bila ugomvi na mtu, na walezi wangu waliniaga kwa wema. Hata hivyo kipindi kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko vyote nilivyowahi kupita. Sehemu kubwa ya ugumu huo nilikuja kuielewa baadaye, niliposomea ualimu na kukutana na maandiko ya wanasaikolojia waliotumia maisha yao kuuliza mtu anajijuaje kuwa yeye ni yeye.

Kwetu ni Mbinga, kwenye vijiji vya kahawa ambako kanisa liko katikati ya kila kitu: shule, zahanati, sikukuu, hata mazungumzo ya bei ya kahawa hufanyika baada ya Misa. Nilipomaliza darasa la saba paroko alimwambia baba kwamba kijana huyu anafaa. Nikafanya mtihani wa seminari ndogo, nikafaulu, nikaondoka nyumbani na godoro na tranka nikiwa na miaka 14. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza nataka kuwa nani. Swali lilikuwa limeshajibiwa, na lazima niseme kwamba jibu lilikuwa la heshima na lilinifurahisha. Sikulazimishwa.

Baada ya kidato cha sita na miaka ya falsafa, kijiji kizima kilikuwa kikiniita Frateri, jina la mseminari aliye njiani kuwa padri. Jina langu la ubatizo lilibaki kwenye vyeti. Mabibi wa umri wa kumzaa baba yangu walikuwa wakinitangulia kwa salamu, "Tumsifu Yesu Kristo, Frateri," nami naitikia, "Milele amina." Kwenye harusi nakalishwa mbele, kwenye msiba naombwa niongoze sala. Na mama yangu, aliyekuwa akiitwa kwa jina la kaka yetu mkubwa, akawa Mama Frateri. Jumuiya ilimwita hivyo, mwenye duka alimwita hivyo, na kwenye daftari la michango la jumuiya ndivyo alivyoandikwa.

Shaka zilinianza wakati wa mwaka wa kichungaji. Nilipelekwa kufundisha hesabu katika shule ya sekondari ya parokia, na nikajikuta naamka alfajiri nikiwaza namna ya kueleza aljebra, huku kuandaa mahubiri nikikuahirisha hadi dakika ya mwisho. Nilirudi seminari nikaanza teolojia, nikasali sana, nikazungumza na mlezi wangu wa kiroho mara nyingi. Hakunisukuma upande wowote. Mwanasosholojia wa Marekani Helen Rose Fuchs Ebaugh, ambaye mwenyewe alikuwa mtawa akatoka, aliwahoji watu 185 walioacha nafasi kubwa maishani mwao: watawa, madaktari, waliotalikiana, waliotoka gerezani, walioacha pombe. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1988 alionyesha kwamba watu hawa, waliotofautiana kwa kila kitu, walipita njia inayofanana. Kwanza shaka, kisha kupimapima njia nyingine, kisha jambo linalokata shauri, na mwisho kujenga maisha ya mtu ambaye watu wote wanajua alikuwa nani zamani. Kwangu jambo lililokata shauri lilikuwa barua ya mwanafunzi aliyeniambia amefaulu hesabu. Niliisoma, nikaenda kanisani, na nikajua.

Ningependa kuwaambia walio katika hatua ya shaka kwamba hatua hiyo ina kazi yake na haifai kurukwa. Wenzangu walioondoka usiku mmoja kwa hasira walikuja kuumia zaidi, kwa sababu walifika nyumbani na maswali ambayo wangeweza kuyauliza wakiwa bado na mlezi, chakula na kitanda. Ukiwa ndani, kusanya vyeti vyako halisi vya kidato cha nne na cha sita, omba barua ya malezi, na uliza kama masomo yako ya falsafa yana cheti kinachotambuliwa na chuo chochote nje. Tafuta cheti chako cha kuzaliwa mapema, maana ukija kuomba mkopo wa elimu ya juu kitatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mambo haya yanaonekana madogo kando ya uamuzi wenyewe, lakini usiku wa kwanza nje utayawaza kuliko teolojia.

Sasa nifike kwa wazazi. Niliwapigia simu. Kwetu jambo zito huletwa na mtu mzima, watu wakiwa wamekaa, na nilikuwa na baba mkubwa ambaye angelibeba vizuri, lakini nilitaka liishe upesi. Baba alinyamaza kidogo kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Njoo nyumbani." Mama hakuja kwenye simu. Nilipofika nilikuta chakula changu kimewekwa mezani kama kawaida, ila mama alikuwa ameacha kwenda jumuiya. Wiki zikapita. Nilikuwa na hakika kwamba amenikasirikia, na kila nilipomwona akichambua mboga peke yake nilizidi kuamini hivyo. Siku moja nilimwomba msamaha. Akaniangalia kwa mshangao. "Mimi sijakasirika," akasema. "Ila watu hawajui waniiteje."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu kabla ya kuyaelewa, na aliyenisaidia ni William James, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1890. James alitofautisha mimi ninayejua na mimi ninayejulikana, na huyu wa pili akamgawa katika sehemu. Sehemu moja ni ya vitu: mwili, nguo, nyumba. Nyingine ni ya jamii, na hapo alisema mtu ana nafsi za kijamii nyingi kama walivyo wengi watu wanaomtambua na kubeba picha yake akilini. Sehemu ya tatu ni ya roho, yaani fikra na dhamiri zake. Kilichonishtua ni kwamba familia aliiweka katika kundi moja na mwili na nguo. Baba na mama ni sehemu yetu, alisema, na wakifa sehemu yetu wenyewe imeondoka. Nilifunga kitabu nikamfikiria mama. Nilipovua kanzu nilidhani nimejivua mimi. Kumbe mama naye alivuliwa siku ileile, tena bila kuulizwa, na yeye hakuwa na chuo cha kwenda wala kazi mpya ya kuanza. Alibaki palepale, kwenye jumuiya ileile, akiwa na jina lisilo na mwenyewe.

Hili ndilo jambo ninalotaka lisomwe na kila anayepita njia hii. Utambulisho wako haukukaa ndani yako peke yako. Wapo watu walioujenga nawe, wakachangia kwa michango na sala na majina yao, na wewe ukiondoka wao pia wanapoteza kitu. Wasipokuonyesha furaha usikimbilie kusema hawakupendi. Wape muda, na ukiweza wape nafasi nyingine ya kuwa mzazi wako. Mimi nilianza na jambo dogo: nilimwomba mama anifundishe kulima ngolo, yale mashimo ya Kimatengo ya kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko, ambayo wenzangu wote waliyajua na mimi sikuwahi kuyajifunza kwa sababu likizo zangu zilikuwa za parokiani. Tulilima msimu mzima. Huko shambani alianza kuniita kwa jina langu.

Katika falsafa nilikuwa nimesoma habari hizi kwa namna nyingine. Nilijua John Locke alisema mtu hubaki yuleyule kwa kadiri fahamu yake inavyoweza kuyafikia matendo yake ya zamani. Nilijua David Hume, mwaka 1739, aliandika kwamba kila alipojitazama ndani hakukuta nafsi, alikuta hisia na mawazo yanayopishana. Nilipata alama nzuri kwenye mtihani huo. Lakini hoja hizo huuliza kama mimi wa leo ni yule wa jana, na hilo sikuwahi kulitilia shaka. Swali langu lilikuwa nitaingiaje kanisani Jumapili nikiwa nimevaa shati.

Jumapili ndiyo iliyonitesa. Parokiani kwetu sikwenda; nilipanda bodaboda hadi parokia ya jirani ambako hawakunijua, nauli ya kwenda na kurudi ikinimalizia fedha ambazo hata hivyo sikuwa nazo. Nilikuwa na picha kamili kichwani: nikitokea mlangoni watu watageuka, watanong'ona, watamhurumia mama. Mwanasosholojia wa Marekani Charles Horton Cooley, mwaka 1902, aliandika kwamba nafsi yetu tunaiona kwa wengine kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Tunawazia tunavyoonekana machoni pa mwenzetu, tunawazia anavyotuhukumu, kisha tunaona fahari au aibu kulingana na hayo. Angalia kwamba hatua mbili za kwanza ni kuwazia. Aibu niliyoibeba miezi ile ilitokana na hukumu ambazo kwa sehemu kubwa nilizitunga mwenyewe.

Nasema kwa sehemu kubwa kwa sababu sitaki kumdanganya mtu. Wapo walionisema vibaya. Mama mmoja aliuliza sokoni kwa sauti nimempa nani mimba, na uvumi huo ulifika hadi kwa dada yangu aliyeolewa Songea. Ukitoka seminari uvumi huo utakuja hata ukiishi kama malaika, na kuukanusha nyumba kwa nyumba kunaulisha tu. Lakini waliokuwa wengi hawakuwa na hukumu yoyote. Mzee katekista alikuja nyumbani jioni moja. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia hivyo tangu nikiwa mtoto, kwa kuwa miaka yote hiyo tulisalimiana kwa Tumsifu. Akaitikia "Marahaba" bila kusita, akakaa, akasema, "Kwaya haina mpiga kinanda tangu Pasaka. Wewe si upo?" Alikuja kwa ajili ya kinanda, na nilipokwenda mazoezini watu wa kwaya walitaka kujua kama najua nyimbo mpya. Baada ya hapo nilianza zoezi ambalo bado nalipendekeza: badala ya kuwazia mtu ananionaje, nikamwendee mmoja ninayemwamini nimuulize. Majibu niliyopata yalikuwa mepesi kuliko yote niliyoyatunga.

Kazi nilipata shule binafsi mjini Songea, kwa posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Chumba kilikuwa 30,000, na mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo. Baba aliuza kahawa kabla ya bei kupanda ili kunilipia, na hasara hiyo hakuitaja hata mara moja. Niliijua kwa kaka. Frateri hatoki na akiba. Nilinunua suruali mbili na sufuria moja. Nilijifunza kupanga bajeti nikiwa mtu mzima, kitu ambacho vijana wenzangu walikijua tangu kidato cha nne, na yapo mengine mengi ya namna hiyo: kupika, kuzungumza na msichana bila kujilinda, kusema hapana kwa anayeomba mkopo. Usione haya kumwambia mtu kwamba hujui. Muulize.

Baadaye nikajiunga na chuo kikuu kusomea ualimu, kwa mkopo wa serikali uliolipa sehemu na baba akalipa sehemu. Kwenye somo la saikolojia mhadhiri alitugawia karatasi zenye mistari ishirini, kila mmoja ukianza na "Mimi ni". Jaribio hili lilitungwa na Manford Kuhn na Thomas McPartland mwaka 1954, na halina jibu sahihi, unaandika linalokujia. Wenzangu walijaza haraka. Mimi niliandika Mkristo, Mtanzania, mtoto wa tatu, kisha nikakwama. Majibu mengi yaliyonijia yalikuwa ya niliyekuwa zamani au ya nisiyekuwa. Nilirudisha karatasi yenye nafasi nyingi tupu.

Mhadhiri hakunikemea. Alitueleza utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na Vaunne Ma na Thomas Schoeneman, ambao walitumia karatasi kama ile kwa wanafunzi wa Marekani na kwa makundi mbalimbali ya Wakenya. Wafugaji wa Kimaasai na Kisamburu walijitaja kwa familia, rika na nafasi zao katika jamii kwa zaidi ya robo tatu ya majibu yao. Wafanyakazi wa Nairobi walifanya hivyo kwa zaidi ya nusu. Lakini wanafunzi wa chuo kikuu wa Nairobi hawakuwa mbali na wa Marekani: majibu ya namna hiyo yalikuwa asilimia 17 kwao na 12 kwa Wamarekani. Mimi nilikuwa nimezoea kusikia kwamba Mwafrika ni mtu wa jamii, na John Mbiti wa Kenya aliliweka vizuri mwaka 1969 aliposema kwamba nipo kwa sababu tupo. Sidhani kwamba Mbiti alikosea. Nadhani utafiti ule ulinionyesha kwamba ndani ya nyumba moja watu wanaweza kujijua kwa namna mbili. Mimi niliyekaa bweni tangu miaka 14 nilisema kwenye simu, "Nimeamua." Mama na baba walisikia kwamba kuna uamuzi uliowahusu na hawakuitwa. Wote tulisema kweli. Ningekuwa najua hili mapema ningeanza kwa kuwauliza wao wamepoteza nini, kabla ya kueleza mimi nimepata nini.

Aliyenigusa zaidi kati ya wote ni mwanasaikolojia Erik Erikson, na kwanza ni kwa maisha yake. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, mama yake akiwa Myahudi wa Denmark, na baba yake mzazi hakuwahi kumjua. Alilelewa kwa jina la baba wa kambo, Homburger. Shuleni alitaniwa kwa kuwa Myahudi. Kwenye sinagogi alionekana mgeni kwa urefu wake na nywele zake za rangi ya dhahabu. Ujana wake alizunguka Ulaya akichora, bila kazi maalumu, mpaka alipofika Vienna mwaka 1927 kufundisha watoto na kukutana na Anna Freud. Alipokuwa raia wa Marekani alichukua jina la Erikson, jina alilojipa mwenyewe. Mtu huyu ndiye aliyeandika kwamba kazi kubwa ya ujana ni kujenga utambulisho, na kwamba jamii inapaswa kumpa kijana kipindi cha kutafuta kabla haijamdai jibu. Wazo lake la mtu kupotewa na utambulisho lilipata nguvu alipowahudumia askari waliorudi kutoka Vita ya Pili ya Dunia. Hawakuwa wamerukwa na akili. Walikuwa wamepoteza ile hali ya kujiona ni walewale leo na jana. Nilisoma ukurasa huo mara kadhaa, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameeleza hali yangu kwa usahihi hivyo.

James Marcia aliliendeleza wazo hilo mwaka 1966. Aliwahoji vijana wa chuo kuhusu kazi, dini na siasa, akiuliza mambo mawili: je, ulitafuta, na je, umeamua? Kutoka hapo akapata hali nne. Wapo waliotafuta na kuamua, wapo wanaotafuta na bado hawajaamua, wapo wasiotafuta wala kuamua, na wapo walioamua bila kutafuta, yaani waliopokea jibu la wazazi au walezi na kulifanya lao. Nilijikuta katika kundi la mwisho. Nilikuwa mtulivu, mwenye bidii na mwenye hakika, jinsi Marcia anavyowaeleza, na hakika hiyo iliyumba mara ya kwanza nilipokutana na kitu nilichokipenda nje yake.

Hapa nina neno kwa wenzangu wanaoisoma nadharia hii na kuigeuza fimbo ya kuwapigia walezi. Mapadri wengi ninaowaheshimu waliingia seminari ndogo wakiwa na umri kama wangu. Tofauti ni kwamba njiani walipata kipindi cha kutafuta kwa kweli, wakatilia shaka, wakapima, wakarudi wakiwa wameamua wenyewe. Kutafuta kunaweza kumrudisha mtu palepale alipokuwa. Na kwa upande mwingine, kutoka seminari si lazima kuwe kutafuta. Mwenzangu mmoja alitoka na katika muda mfupi akawa na mchumba, duka na kadi ya chama, vyote kwa pamoja, kwa sababu hakuweza kuvumilia kukaa bila jina. Ndoa ile haikudumu. Kama umetoka karibuni, jibu linalokuja haraka na kukupa nafuu kubwa lipe muda kabla ya kulifungia. Nami nilikuwa karibu kufanya hivyo kwa kurudi. Niliandika barua ya kuomba kupokelewa tena, na mlezi wangu wa zamani akanishauri niimalize shahada kwanza.

Zoezi moja lilinisaidia kuliko ushauri mwingi. Mwanasaikolojia Tory Higgins, mwaka 1987, alieleza kwamba mtu hubeba picha tatu: alivyo, anavyotamani kuwa, na anavyoona anapaswa kuwa. Tena picha hizo zinaweza kuwa zake mwenyewe au za mtu mwingine muhimu kwake. Pengo kati ya alivyo na anavyotamani huzaa huzuni na kuvunjika moyo. Pengo kati ya alivyo na anavyopaswa huzaa wasiwasi na hatia. Chukua karatasi ugawe safu tatu, uandike, kisha kando ya kila neno uandike limetoka kwa nani. Miezi yote ile nilikuwa nikisema nina huzuni kwa kuacha upadri. Karatasi ilinionyesha vingine. Kwenye safu ya kutamani upadri haukuwepo. Kulikuwa na darasa, nyumba, watoto, kinanda. Ulikuwa kwenye safu ya kupaswa, na kando yake niliandika: baba, paroko, bibi, wanajumuiya. Nilichokiita huzuni kilikuwa hofu ya kuwa mdeni. Na deni watu wanaweza kulizungumza. Nilikwenda kwa baba, safari hii nikiwa na baba mkubwa, nikamwuliza ananidai nini. Alifikiri. Akasema nimalize chuo, nimsaidie mdogo wangu wa mwisho ada, na nisiache sala. Hayo matatu nayaweza.

Wakati huohuo nilikuwa na usiku ambao usingizi haukuja kabisa, na kipindi ambacho sikutaka kula wala kuonana na mtu. Nadharia haitibu hilo. Ikikufikia hali hiyo, na hasa ukianza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili, na si mahali pa aibu. Mimi nilikwenda kwa kusukumwa na mwenzangu wa chumba, na nilipata wa kunisikiliza ambaye hakuwa ndugu wala mwanakanisa.

Patricia Linville alipendekeza mwaka 1987 kwamba mtu mwenye pande nyingi za nafsi zisizoegemeana huvumilia pigo vizuri zaidi, kwa kuwa upande mmoja ukianguka mingine inasimama. Tafiti zilizofuata zimetoa matokeo yanayopishana, kwa hiyo silisemi kama sheria. Kwangu lilikuwa kweli. Seminarini kinanda, michezo, masomo na marafiki vyote vilikuwa sehemu za ufrateri, na nilipotoka viliondoka kwa mkupuo. Leo nina darasa, nina kwaya, nina shamba la ngolo, nina kikundi cha kuweka na kukopa cha walimu, na watu wa sehemu moja hawajuani na wa nyingine. Nimefanya hivyo kwa makusudi.

Linabaki suala la kusimulia. Dan McAdams anaona kwamba utambulisho wa mtu mzima ni simulizi ya maisha yake anayoijenga mwenyewe, yenye mwanzo, mageuko na mwelekeo. Nilikuwa na simulizi mbili. Kwenye usaili wa kazi niliificha miaka ya seminari, hata pengo kwenye wasifu likaonekana kama nilikuwa gerezani. Kwa wanakwaya nilisimulia kana kwamba kila kitu kilipangwa na mbingu. Zote mbili zilinichosha. Sasa nasema: nilisoma seminari kwa muda mrefu, nilijifunza mengi, niliona wito wangu ni kufundisha, wazazi wangu waliumia na mimi niliumia. Ni sentensi fupi, na waajiri wameipokea bila shida. Miaka ile iandike kwenye wasifu wako. Nidhamu, lugha na uongozi uliojifunza huko ni vyako.

Mabaki ya maisha ya zamani yatabaki, kama Ebaugh alivyoonyesha. Bado naamka saa kumi na moja bila saa ya mezani. Wanafunzi wangu hunitania kwamba nafundisha hesabu kama nahubiri. Darasa langu lilipofikia upadrisho nilikwenda, nikakaa na wazazi wangu upande wa waamini, na baada ya Misa nikapiga foleni ya baraka za mapadri wapya kama kila mtu. Kama unaona bado huwezi, usiende mwaka huo. Tuma zawadi na barua, marafiki wa kweli wataelewa. Mama alisimama nami kwenye foleni. Kwenye jumuiya sasa anaitwa Mama Mwalimu, jina alilopewa na wenzake na si mimi, nalo lilichelewa kuja.

Na kama wewe ni mzazi ambaye mwanao amerudi na tranka lake, maswali ya kwa nini yanaweza kusubiri mwezi mmoja au miwili. Kwanza muulize atalala wapi, ana nguo gani, vyeti vyake viko wapi, na kama anapata usingizi. Kisha mwambie ungependa kumwita nani.